Punda Mzee Akichechemea Ghafla: Tumwite Daktari au Tungoje?

(Mazungumzo na wajumbe wa vikundi vya kujisaidia kutoka Lamu mjini, Matondoni, Kipungani, Manda na Pate. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa.)

Wazee wangu, mama zangu, na ninyi vijana mliokaa kule nyuma, tumo humu wa kila upande, na punda hajui huyu ni wa msikiti na huyu ni wa kanisa. Yeye ajua mzigo tu.

Katika ratiba niliandikiwa niseme juu ya kuweka hesabu za kikundi. Hesabu tutazifanya baada ya chai. Kwanza nataka kujibu swali nililoulizwa juzi njiani na mama mmoja wa kikundi cha maji. Alinisimamisha akasema: "Dada, punda wetu yule mkongwe ameamka leo hawezi kukanyaga. Jana alikuwa mzima, amebeba mchanga mpaka alasiri. Wenzangu wasema ni uzee, tumwache apumzike. Mimi moyo wangu haukubali. Na daktari mpaka apigiwe simu, apande mashua, alipwe nauli. Tufanyeje?"

Nilimwambia twende tukamwone kwanza. Yaliyotokea nitawaambia mwisho. Lakini mjue kwa nini sikumjibu pale pale njiani. Ni kwa sababu siku moja nilijibu, na jibu langu likaua.

Nikiri kosa langu mbele yenu. Miaka kadhaa iliyopita kikundi kimoja cha akina mama hapa kisiwani kilikuwa na punda wawili. Mmoja alikuwa jike mzee, kwa kukisia meno yake kama miaka 20 hivi. Asubuhi moja wakamkuta amesimama kwa miguu mitatu, ule wa mbele wa kulia ameuinua, ncha ya ukwato tu ndiyo yagusa chini. Mimi nilikuwa nimekuja kwa mkutano, mkoba begani. Wakaniita. Nikamtazama kwa mbali, hata sikumgusa, nikasema, "Ah, huyu ni mzee. Mpumzisheni siku mbili tatu." Kwani mimi ni nani? Nina diploma ya kazi za jamii, ya mifugo sina. Lakini mtu wa ofisi akisema neno, watu hulichukua.

Basi wakampumzisha. Siku ya kwanza akala kidogo. Ya pili akawa anageuza uso akiletewa majani. Ya tatu hakula kitu. Ya nne wakachanga pesa, daktari akaja. Akauinua mguu, akausafisha, akachimba kidogo chini ya ukwato kwa kisu chake kilichopinda, na usaha mweusi ukatoka kwa nguvu. Lilikuwa jipu! Kazi yenyewe haikufika nusu saa. Jioni ile yule punda alikanyaga, akina mama wakapiga vigelegele. Daktari yeye hakushangilia. Aliuliza, "Hajala tangu lini?" Wakamwambia. Akatikisa kichwa. Siku mbili baadaye punda akafa, na mguu wake umepona.

Nilikwenda kumwuliza daktari ilikuwaje. Akanieleza hivi, nami nimelishika mpaka leo. Punda si kama mbuzi. Akiacha kula, hasa jike, hasa mzee au mnene, mwili wake huchukua mafuta yaliyowekwa akiba na kuyamwaga kwenye damu. Yakizidi, ini na figo hulemewa. Damu yenyewe ikitolewa huonekana ina rangi kama ya maziwa. Mambo haya yaweza kuanza ndani ya siku moja au mbili tu za kutokula, na yakishashika, kumrudisha ni vigumu sana. Kwa hiyo maumivu ya mguu yalimnyima hamu ya kula, na kule kutokula ndiko kulikomuua. Mimi nilikuwa nimewaambia wangoje.

Sasa sikilizeni juu ya hili neno uzee, maana ndilo linalotudanganya. Uzee wa miguu upo. Punda aliyebeba mawe na saruji miaka kumi na tano, viungo vyake huchakaa kama magoti yetu. Lakini uzee huo huja polepole. Kwanza utamwona asubuhi ni mgumu kidogo, akitembea hatua kadhaa analainika. Mwaka huu anafupisha hatua, mwaka ujao anasita kwenye ngazi za pwani. Huyo ni mzee. Yule aliyekuwa mzima jana alasiri na leo hawezi kukanyaga, hakuzeeka usiku. Amepatwa na jambo. Huenda ni msumari, mwiba, jiwe, jipu, kano iliyovutika, au mfupa. Umri wake ni sababu ya kuharakisha, si sababu ya kungoja, kwa kuwa mzee hana akiba ya nguvu.

Tena punda huficha maumivu. Farasi akiumwa atajirusha, atatoa jasho. Punda husimama kimya, masikio yameanguka kidogo, nawe wadhani anapumzika. Ndugu zangu Wakristo mnakumbuka punda wa Balaamu katika kitabu cha Hesabu, sura ya 22. Alipigwa mara tatu kwa kukataa njia, mpaka Mungu akamfungua kinywa aseme. Wa kwetu hawatafunguliwa kinywa, basi itabidi tutumie macho na mikono. Ukiona punda amekwisha kuinua mguu na hataki kuushusha, ujue maumivu yake ni makubwa. Madogo angekuficha.

Kumkagua si kazi ya ajabu. Mshushe shogi na mzigo wote. Msimamishe mahali palipo sawa na pagumu, si mchangani. Mtu mmoja anayemjua ashike kamba. Mtazame akiwa ametulia: punda kupumzisha mguu mmoja wa nyuma ni desturi yake, usishtuke. Akipumzisha wa mbele, au akiusogeza mbele ya mwili, hapo pana neno. Kisha mtembeze polepole hatua kumi. Kama mguu mbaya ni wa mbele, atainua kichwa kila unapogusa chini, na kukishusha ukigusa ule mzima. Watu wengi hukosea hapa, huona kichwa kikishuka wakashika mguu mzima.

Halafu gusa. Weka kiganja juu ya ukwato wa mguu mbaya, kisha wa mguu mwenzake. Kama mmoja una moto zaidi, mkono utakwambia. Panda na mkono kuelekea gotini, tafuta uvimbe, pole pole. Sasa inua mguu, toa uchafu wote kwa kijiti au chuma butu, osha kwa maji, utazame chini. Hapa kwetu, na hasa Matondoni kwenye mafundi wa mashua, misumari imetapakaa. Manda kuna vipande vya mawe yanayokatwa, vina makali kama chupa. Tafuta shimo dogo, doa jeusi, mahali anaposhtuka ukibonyeza kwa kidole gumba. Ukikuta msumari umeingia na daktari aweza kufika upesi, mwache asitembezwe, umwachie daktari auone ulivyoingia. Kama hauwezi kuachwa kwa sababu kila akikanyaga unazidi kuzama, uchomoe taratibu, lakini utie alama pale ulipokuwa na uuhifadhi msumari wenyewe, daktari ajue umefika wapi.

La mwisho, mpe kile anachokipenda, maganda ya ndizi au majani mabichi, halafu simama umwangalie. Kunusa si kula. Akitafuna na kumeza, vizuri. Akikataa, usingoje tena.

Basi, ni wakati gani tunamwita daktari siku hiyo hiyo? Hawezi kabisa kukanyaga. Amekataa chakula, hata kama mguu waonekana si mbaya sana. Mfupa umepinda au umetokeza, au mguu unaning'inia. Kuna jeraha linaloingia kwenye kiungo, au msumari chini ya ukwato. Au kwato zote mbili za mbele zina moto, naye ameegemea nyuma kama mtu anayekataa kuvutwa: huo ni uvimbe wa ndani ya kwato, na mara nyingi huja baada ya kula nafaka nyingi au makombo ya arusi. Hapo msibishane kwenye kamati. Katibu apige simu, mweka hazina atoe nauli, maneno baadaye.

Juu ya msumari niongeze neno. Wazee wetu hawakuuita ule ugonjwa pepopunda bure. Vijidudu vyake hukaa kwenye udongo na samadi, huingia kwa tundu dogo lisiloonekana, na baada ya siku au wiki kadhaa mnyama hukakamaa, taya linafunga, ngozi nyeupe ya pembeni mwa jicho inatokeza. Mama zangu, mmechomwa sindano ya ugonjwa huo huo kliniki mkiwa na mimba. Punda naye ana chanjo yake, muulizeni daktari.

Na wakati gani twaweza kungoja? Kama anachechemea kidogo tu, anakanyaga mguu wote, anakula vizuri, hana jeraha, na umepata sababu, kwa mfano kijiwe kilichokwama ukakitoa. Huyo mpumzishe, maji na chakula karibu, kivuli, mwenzake asitengwe naye kwa kuwa punda akitengwa na mwenzake huacha kula kwa majonzi. Kama mguu una uvimbe wa kano bila jeraha, msimamishe baharini maji baridi yafike juu ya kifundo, robo saa asubuhi na jioni. Kesho mtazame tena. Akiwa nafuu, endelea. Akiwa vilevile siku ya pili, au amezidi, ngoja yako imekwisha.

Mzee mmoja hapa mbele ameinua mkono, auliza: na chuma cha moto je? Babu zake walikuwa wakimchoma punda juu ya mguu na akapona. Mzee wangu, sikatai kwamba wengine walipona. Jipu la ukwato mara nyingine hupasuka lenyewe, likatokea juu pale nywele zinapoanzia, na maumivu yakaisha. Aliyechomwa siku mbili kabla husema ni chuma. Lakini yule mnyama sasa ana jeraha la moto juu ya ugonjwa wa kwanza, nzi wanaliona, na maumivu mapya yanamnyima kula. Oili chafu ya injini nayo ni hivyo hivyo. Ukitaka kufanya jambo kabla daktari hajafika, chemsha maji, yaache yawe vuguvugu, tia chumvi, mloweshe ukwato kwenye ndoo. Kisha ufunge kwa kitambaa safi, na juu yake kipande cha gunia au mpira wa ndani wa gurudumu, uchafu usiingie.

Na vidonge vyetu vya maumivu visitumiwe kwa kukisia. Punda hana kipimo cha mtu, wala cha farasi. Ukishampa dawa umwambie daktari ni ipi na kiasi gani, usione haya.

Mama kutoka Maweni, kule Manda, yeye auliza juu ya mbwa wake mzee anayelinda shamba, aliyeanza kuchechemea usiku. Wengine wamecheka. Msicheke, mbwa huyo ndiye aliyefukuza nyani mahindi yakavunwa. Ukaguzi ni ule ule: mwiba kati ya vidole, ukucha uliovunjika, waya wa mtego uliokaza mguu na nywele zimeufunika. Asiyekanyaga kabisa, au mguu uliopinda, au aliyeacha kula, ni wa daktari. Vidonge vya watu kwa mbwa ni hatari zaidi, vyaweza kutoboa tumbo lake au kuharibu figo. Ila kwa mbwa kuna tahadhari nyingine. Mnyama mwenye maumivu huuma hata bwana wake, basi mfunge mdomo kwa kitambaa kabla ya kumgusa. Na kama miguu ya nyuma inalegea, anatoka mate, sauti imebadilika, hali yake si ya kawaida, usimguse wala usimfunge mdomo. Weka watoto mbali uite afisa wa mifugo, yaweza kuwa kichaa cha mbwa. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji mengi, dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile.

Turudi kwa punda, na pesa. Najua wapo wanaosema moyoni: mzee huyu amebakiza miaka mingapi, kwa nini tumtumilie akiba? Swali si baya. Punda akitunzwa aweza kufika miaka 30 na kuzidi. Huyo wa miaka 20 si wa kutupwa, labda ni wa kupunguziwa mzigo. Na kumpata mwingine si rahisi kama zamani. Kuanzia mwaka 2016 yalifunguliwa hapa Kenya machinjio ya punda, ngozi zikauzwa China kutengeneza dawa. Punda wakaibwa usiku, bei ikapanda. Sensa ya 2009 ilihesabu punda zaidi ya 1,800,000 nchini, ile ya 2019 ikapata chini ya 1,200,000. Serikali ilitangaza kuyasimamisha machinjio hayo Februari 2020, na Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika, huko Addis Ababa, wakakubaliana kuzuia punda wasichinjwe kwa ajili ya ngozi. Mtu akikujia leo na kusema, niuzie huyo kilema nikuondolee mzigo, muulize ampeleka wapi.

Sisi wa Lamu tulipata bahati ambayo sehemu nyingi hazina. Mwaka 1987 shirika la Donkey Sanctuary la Uingereza, lililoanzishwa na Bi. Elisabeth Svendsen, lilifungua kliniki ya punda hapa mjini, na kwa miaka mingi punda wametibiwa pale pasipo mwenyewe kutozwa. Nimeona watu wa mtaa wa pili tu kutoka pale wanaomficha punda mwenye jeraha kwa kuogopa kugombezwa. Mpelekeni. Kugombezwa hakuumizi kama kununua punda mpya. Ninyi wa Pate na vijiji vya mbali, shida yenu ni bahari, naelewa. Kwenu nashauri kikundi kitenge kiasi kidogo kila mwezi, kikae peke yake, kiitwe mfuko wa mguu au jina lolote mpendalo, ili siku ya tatizo msianze kuchanga. Kuchanga kulichukua siku nne kwa wale akina mama, na mimi ndiye niliyewapa siku tatu za kwanza.

Kuna siku ambayo daktari atasema mfupa umevunjika na hakuna la kufanya. Kwa punda mzima mguu uliovunjika juu ni vigumu mno kuunga. Hapo mwacheni daktari ampumzishe kwa sindano, asiteseke. Jambo nisilolipenda, na nitalisema ingawa wengine hawatafurahi, ni lile la kumfungua kamba usiku na kumwacha aende jaani, akale karatasi na mifuko ya plastiki mpaka aanguke. Amewabebea maji ya kunywa na mawe ya kujengea nyumba. Lakini msimhukumu kabla ukwato haujatazamwa, maana jipu na mfupa uliovunjika, ukimtazama mnyama kwa mbali, hufanana: wote wawili wanasimama kwa miguu mitatu. Mmoja hupona kwa wiki.

Sasa yule mama wa kikundi cha maji. Tulikwenda pamoja. Tukamshusha shogi, tukamtembeza, kichwa kikapanda kila mguu wa kushoto ulipogusa chini. Ukwato ulikuwa na moto. Mimi ndiye niliyeshika kamba, yeye akasafisha, na katikati ya unyayo akakuta kichwa cha msumari wa mashua, umezama wote. Tukampa maganda ya ndizi, akala mawili akaacha la tatu. Mama hakuningoja niseme kitu, alikuwa amekwisha kutoa simu. Daktari alifika kabla ya magharibi, akautoa, akasafisha, akapiga sindano ya maumivu na ya pepopunda, akaonyesha jinsi ya kufunga. Nauli ya mashua wamelipa, na imo kwenye daftari lao, nimeiona. Jana ilikuwa siku ya kumi na mbili. Bado hajapewa mchanga, ila amebeba madumu mawili ya maji kutoka Shela, na mama anasema amerudi kumuuma mjukuu wake kama kawaida.

Haya, chai iko tayari. Mkirudi, mweka hazina wa kila kikundi aje na daftari lake.